KOMPYUTA YA "MBILI KWA MOJA": UZURI WAKE NA UDHAIFU WAKE

Siku hizi kompyuta haikai tena mjini tu, katika ofisi za wakubwa. Imefika kwenye mizani ya majani ya chai, kwenye ghala la kiwanda na kwenye meza ya katibu wa tawi. Na katika aina zote zinazouzwa madukani, iko moja inayowavutia wanunuzi upesi kuliko nyingine. Muuzaji huifungua kama kitabu, akapiga taipu maneno mawili matatu, kisha akaikunja kwa nyuma mpaka ikawa bapa kama sinia, akaanza kugusa kioo chake kwa kidole. "Hapa unapata mbili kwa moja," husema.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Yafaa tuyachunguze kwa sababu mbili. Kwanza, fedha za tawi ni ada za wanachama, na kila senti imetoka katika jasho la mtu. Pili, wako wenzetu, kama vile makarani wa mizani, watunza ghala na wakaguzi wa bidhaa, ambao hukabidhiwa mashine hizi na mwajiri na kutakiwa watie sahihi. Anayetia sahihi bila kujua mashine huharibika wapi huenda akalipa kwa mshahara wake kitu ambacho hakukiharibu yeye.

NI MASHINE YA NAMNA GANI?

Tuanze na zile mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ni kompyuta mpakato, ambayo ndugu zetu wa Kenya huiita kipakatalishi. Ina kioo upande wa juu, kibodi yenye vitufe vya herufi upande wa chini, na katikati yao bawaba kama ya mlango. Ya pili ni kishikwambi, yaani bapa la kioo lisilo na kibodi, ambalo huguswa kwa kidole. Vishikwambi vilitumika katika sensa ya Kenya mwaka 2019, ya Tanzania na ya Rwanda mwaka 2022, na ya Uganda mwaka 2024. Makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiandika majibu humo badala ya kwenye makaratasi, kwa hiyo wengi wetu tumekiona chombo hicho mlangoni petu.

Kompyuta ya mbili kwa moja imetengenezwa ili ifanye kazi ya vyombo vyote viwili. Ziko za namna mbili, na tofauti yao ni kubwa.

(a) Ya kukunja. Kibodi yake haitoki. Bawaba zake huzunguka duara zima, nyuzi 360, hata mgongo wa kioo ukakutana na mgongo wa kibodi. Ukiisha kuikunja hivyo, vitufe hujizima vyenyewe ili vidole vilivyo chini visiandike mambo ya ovyo.

(b) Ya kuchomoa. Hapa kioo ndicho kompyuta nzima. Akili ya mashine, betri na hifadhi vyote vimo nyuma ya kioo. Kibodi ni kifuniko chembamba kinachoshikwa kwa sumaku au kwa ndoano, nacho hutolewa wakati wowote. Nyuma huwa na mguu wa kuegemeza, kama ule wa fremu ya picha iliyowekwa mezani.

ILITOKEA WAPI?

Wazo hili si jipya. Mwaka 1993 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa ThinkPad 750P, ambayo kioo chake kiliweza kugeuzwa na kuandikwa kwa kalamu maalum. Novemba 2002 kampuni ya Microsoft ilileta programu yake ya Windows iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kalamu, na makampuni kadhaa yakaunda kompyuta za kugeuza. Lakini zilikuwa nzito na za bei kubwa, nazo hazikuenea.

Mambo yalibadilika mwaka 2010, kampuni ya Apple ilipoleta kishikwambi cha iPad. Watu waliona raha ya kugusa kioo, na watengenezaji wa kompyuta mpakato wakaona soko lao linatishwa. Oktoba 2012 Microsoft ilitoa Windows 8, iliyokusudiwa kutumika kwa kidole na kwa kibodi pia. Wakati huohuo Lenovo ikauza mashine yake ya kukunja, IdeaPad Yoga 13, na Microsoft yenyewe ikauza ya kuchomoa iliyoitwa Surface RT. Februari 2013 ikafuata Surface Pro.

Hiyo Surface RT yatupa somo la kwanza. Kwa nje ilifanana na kompyuta yoyote ya Windows, lakini ndani ilikuwa na akili ya namna nyingine, nayo haikuweza kuendesha programu za kawaida za Windows ambazo watu walikuwa wamezizoea. Wengi hawakuinunua. Julai 2013 Microsoft ilikiri katika hesabu zake hasara ya dola milioni 900 juu ya mashine hiyo. Matengenezo ya programu yake yalikoma Januari 2023. Kwa hiyo, mtu akikuletea mashine ya namna hiyo iliyotumika na kukuambia kwamba ni Windows, usitosheke na jina. Dai uione ikiendesha ile programu hasa unayoihitaji.

UZURI WAKE

Mashine hii ina mema yake, na si haki kuyaficha.

1. Hufaa kwa kazi ya kusimama. Katibu anapokwenda shambani au kwenye zamu ya usiku kuandikisha wanachama, hana meza. Kompyuta mpakato ya kawaida humlazimu atafute kreti au jiwe la kuiweka. Hii huikunja, akaishika kwa mkono mmoja, akagusa kwa mwingine. Mwanachama husoma fomu mwenyewe, na kama mashine ni ya aina inayokubali kalamu, hutia sahihi papo hapo.

2. Hufaa kwa kuonyesha jambo kwa watu wachache. Ya kukunja husimamishwa kama hema, kioo kikiwa mbele na kibodi nyuma. Wafanyakazi sita au saba waweza kuketi na kuangalia jinsi saa za ziada zilivyohesabiwa katika hati ya malipo. Jambo ambalo karani huliona peke yake kwenye kioo chake, hapo huonekana na wote.

3. Huendesha programu kamili. Hapa ndipo inapokishinda kishikwambi cha kawaida. Yenye Windows kamili huweza kutumia programu za hesabu za safu na mistari, kuandika barua ndefu, kuchapa kwa mashine ya kuchapia, na kusoma kijiti cha kuhifadhia kumbukumbu. Rejista ya wanachama elfu moja ni taabu kubwa kuitunza kwa kidole tu. Kwa kibodi ni kazi ya kawaida.

4. Kumbukumbu hukaa mahali pamoja. Mwenye kutumia kishikwambi shambani na kompyuta ofisini hana budi kuhamisha maandishi kutoka chombo kimoja hadi kingine. Hapo ndipo jina hurukwa, au hesabu ya jana hufuta ya leo. Chombo kimoja hupunguza makosa hayo.

5. Ya kuchomoa ina nafuu mbili za peke yake. Nyingi zina kamera mgongoni, kwa hiyo mjumbe wa usalama kazini aweza kupiga picha ya mashine ya kiwanda isiyo na kinga, kisha akaandika taarifa yake palepale. Za kukunja, nyingi zina kamera moja tu, nayo humtazama mtumiaji. Tena, kibodi ya kuchomoa ikiharibika, unanunua kibodi peke yake na kompyuta inabaki.

UDHAIFU WAKE

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Tutazame sasa yale yanayoponyoka.

1. Bei. Kuunganisha vyombo viwili ni gharama. Kioo cha kugusa, bawaba za kuzunguka na vipima-mkao vyote vyalipiwa. Kwa kawaida, ukiweka pamoja kompyuta mpakato ya kawaida na ya mbili kwa moja zenye bei moja, ya kawaida itakuwa na nguvu zaidi. Tena chunguza kama kibodi imo katika bei. Mwaka 2013 Surface Pro ya bei ya chini iliuzwa Marekani kwa dola 899 bila kibodi, na kibodi yake yenye vitufe iliongeza karibu dola 130. Hadi leo ziko za kuchomoa ambazo bei iliyoandikwa kwenye tangazo ni ya kioo peke yake.

2. Bawaba. Hapa ndipo penye ugonjwa mkubwa wa mashine ya kukunja. Bawaba ya kompyuta mpakato ya kawaida hufunguka kidogo kupita wima, ikaishia hapo. Hii huzungushwa duara zima, mara nyingi kwa siku. Nyaya nyembamba zinazopeleka picha na mguso kwenye kioo hupita hapohapo na kujikunja kila mara. Katika mashine za bei nafuu, parafujo za bawaba zimeshikwa na plastiki. Bawaba ikianza kukaza kwa vumbi, nguvu ya mkono huing'oa plastiki, ganda hupasuka pembeni, na kioo huanza kuachana na fremu yake. Vumbi la mkonge, unga wa chai, nyuzi za pamba na makapi ya miwa ni adui wa bawaba.

Dalili za mwanzo ni hizi: bawaba moja kukaza kuliko nyingine, mlio wa kukwaruza, ufa mdogo kwenye kona, au kioo kuzima na kuwaka unapokigeuza. Ukiziona, acha kuikunja na mpelekee fundi. Bawaba iliyokaza hulegezwa kwa kazi ndogo, lakini ganda lililopasuka ni gharama nyingine kabisa.

3. Uzito. IdeaPad Yoga 13 ya mwaka 2012 ilikuwa na uzito wa kilo 1.54, na iPad ya kwanza ya mwaka 2010 gramu 680. Yaani huyo aliyeambiwa kwamba amepata kishikwambi alikuwa ameshika uzito wa vishikwambi viwili na zaidi. Mashine nyingi za sasa zimepungua, lakini ya kukunja bado hubeba kibodi yake hata wakati haina kazi nayo. Dakika tano si kitu. Saa mbili kwenye foleni ya mizani, mkono mmoja ukiwa umeinuliwa, ni maumivu ya kifundo na bega.

4. Kioo. Vioo vingi vya kugusa vina mng'ao. Ndani ya ofisi hupendeza, lakini kwenye jua la saa sita hugeuka kuwa kama kioo cha kujitazamia, ukaona uso wako badala ya maandishi. Tena kioo hiki hutambua kidole kwa sababu mwili wa mtu hupitisha umeme. Kwa hiyo glavu za kawaida hukizuia, na matone ya mvua hukichanganya. Na jambo hili latuhusu sana sisi: kidole kikavu chenye sugu nene mara nyingine hakitambuliwi vizuri. Mfanyakazi akigusa mara tatu bila jibu, si kwamba ni mshamba. Ngozi yake imefanya kazi miaka mingi, na chombo hakikuundwa kwa ajili yake. Dawa yake ni kalamu ya kugusia, nayo ni bei rahisi.

Kioo kikivunjika, mara nyingi kioo cha nje na kile cha picha vimegandishwa pamoja, hivyo hubadilishwa vyote viwili. Gharama yake katika mashine iliyotumika huweza kukaribia bei ya mashine yenyewe.

5. Ya kuchomoa haikai vizuri mapajani. Sababu yake ni rahisi kueleza. Uzito wote uko kwenye kioo, na kibodi ni nyepesi. Mashine haisimami kwa uzito wa chini yake, bali kwa ule mguu wa nyuma, na mguu unataka meza. Ndani ya lori au juu ya benchi huanguka nyuma. Anayefanya kazi nyingi safarini na akiri jambo hili mapema.

6. Haifunguki kwa urahisi. Kompyuta mpakato za zamani fundi alizifungua kwa parafujo, akaongeza kumbukumbu ya kufanyia kazi au akabadili diski. Katika nyingi za mbili kwa moja, kumbukumbu hiyo imechomelewa, na ganda limebandikwa kwa gundi. Shirika la iFixit la Marekani, ambalo hufungua vyombo na kuvipima kwa urahisi wa kutengenezeka, liliipa Surface Pro ya mwaka 2017 alama 1 kati ya 10. Nchini Ufaransa, tangu Januari 2021, sheria inawataka wauzaji waonyeshe kwenye kompyuta mpakato alama ya kutengenezeka. Huku kwetu mnunuzi hana budi kumuuliza fundi mwenyewe, kabla ya kununua na si baada ya kuharibika.

7. Betri. Kwa kuwa mashine ni nyembamba, betri hubanwa ndani na kubandikwa. Betri za aina hii huchoka kwa joto na kwa kuchajiwa mfululizo. Ikichoka huweza kuvimba. Ukiona kioo kimeanza kuinuka pembeni, au mashine haikai bapa mezani, izime, ichomoe kwenye umeme, usiibonyeze, usiitoboe, nayo ipelekwe kwa fundi. Betri iliyovimba huweza kuwaka moto.

KAZI KWANZA, MASHINE BAADAYE

Ndugu wafanyakazi, mashine hununuliwa kwa ajili ya kazi. Basi tuzipange kazi kwanza.

Katibu anayekaa ofisini muda mwingi, akiandika barua, mihtasari ya mikutano na hesabu za ada, hahitaji ya kukunja. Anunue kompyuta mpakato ya kawaida inayofunguka na kutengenezeka. Fedha itakayobaki inunue diski ya nje ya kutunzia nakala, au iongezwe kwenye mashine ya kuchapia. Hayo mawili yatalisaidia tawi kuliko bawaba inayozunguka.

Mwandikishaji anayepita kambi kwa kambi, na ambaye kazi yake ni kujaza fomu fupi na kupiga picha, atatosheka na kishikwambi chepesi, au hata simu nzuri, pamoja na daftari. Hana sababu ya kubeba kibodi.

Mjumbe anayefanya zote mbili, asubuhi shambani akikusanya malalamiko na jioni akiandika taarifa ndefu kwa makao makuu, huyo ndiye mwenye haki ya kuiomba mashine ya mbili kwa moja. Kama shambani ni kwingi kuliko mezani, ya kuchomoa yafaa. Kama kuandika ni kwingi, ya kukunja yafaa.

Mzazi mwenye mtoto chuoni na aulize masomo yake. Anayechora michoro au kuandika hesabu kwa mkono atafaidika na kalamu na kioo. Anayeandika insha tu, kompyuta ya kawaida itamtosha, na mzazi asikatwe mshahara miezi mingi kwa ajili ya kioo kinachogeuka.

Kipimo ni hiki: taja kazi mbili ulizofanya wiki iliyopita ambazo zingekuwa rahisi zaidi kama ungeikunja au kuichomoa mashine. Usipoweza kuzitaja, huihitaji.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Halmashauri ya tawi na ichague wajumbe wawili, si mmoja, waende dukani pamoja na mtu anayezijua kompyuta. Wafanye haya:

1. Waifungue na kuikunja mara kumi polepole, wakisikiliza na kutazama kona. Wakiwa wameikunja, waangalie kama vitufe vimezima. Wakiirudisha, vyote viandike tena. Kipima-mkao kikiharibika, kibodi huweza kukaa kimya hata mashine ikiwa nzima.

2. Waitoe nje juani wajaribu kusoma. Waishike kwa mkono mmoja dakika kumi kwa saa.

3. Waburute kidole polepole kwenye kioo chote, kona hadi kona. Mahali panaporuka, kioo kina kasoro.

4. Waulize kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kiasi gani. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, hudai angalau GB 4 za kumbukumbu hiyo na GB 64 za hifadhi. Hicho ni kima cha chini tu, na mwenye kukaa penye kima cha chini hungoja sana. GB 8 ni afadhali zaidi. Wakumbuke pia kwamba hifadhi iliyoandikwa kwenye boksi si yote ya mnunuzi. Ile Surface Pro ya GB 64 ya mwaka 2013 ilimwachia mnunuzi chini ya nusu, kwani nyingine ilikwisha chukuliwa na programu zake yenyewe.

5. Kwa mashine iliyotumika, waulize inaendesha Windows gani. Matengenezo ya kawaida ya bure ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za kabla ya mwaka 2018 hazikubaliwi rasmi na Windows 11. Mashine isiyopata matengenezo ya programu ni kama nyumba ambayo kufuli lake limechakaa, na ndani ya nyumba hiyo mnaweka majina ya wanachama.

6. Wadai stakabadhi yenye namba ya mashine, na dhamana kwa maandishi. Waulize dhamana inahusu bawaba au la.

Mkiisha kuinunua, wekeni neno la siri, na kila wiki toeni nakala ya rejista ihifadhiwe mahali pengine. Orodha ya wanachama ikimwangukia msimamizi asiyependa chama, watakaoumia ni watu. Na daftari la zamani msilitupe. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

MWAJIRI ANAPOKUKABIDHI MASHINE

Sasa tuzungumze juu ya mwenzetu aliyepewa mashine hii kazini. Ameambiwa aitumie kupokea uzito wa majani, kuhesabu magunia au kukagua bidhaa, na mbele yake pana karatasi: "Nimepokea ikiwa nzima, nitawajibika kwa uharibifu."

Tumekwisha kuona kwamba bawaba huchakaa kwa kuzungushwa, betri huchoka kwa joto, na nyaya hukatika kwa kukunjwa. Uchakavu huo ni wa kazi. Mashine iliyokunjwa mara hamsini kwa siku kwa amri ya mwajiri, ikapasuka kona baada ya mwaka, haikuharibiwa na uzembe wa karani. Ndiyo maana maneno "uharibifu" na "uchakavu wa kawaida" lazima yatenganishwe katika karatasi hiyo.

Mkataba Na. 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unahusu ulinzi wa mishahara. Kifungu chake cha 8 chasema kwamba makato katika mshahara yaruhusiwe tu kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria za nchi, au na mapatano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi, na kwamba wafanyakazi wajulishwe masharti hayo. Kwa hiyo, neno la msimamizi peke yake, "tutakukata," halitoshi. Sheria za nchi zetu hazifanani katika jambo hili, basi kila tawi liitazame sheria yake pamoja na mapatano yake.

Tunashauri tawi lidai mambo matano:

1. Siku ya kukabidhiana, hali ya mashine iandikwe na picha zipigwe: kona zote nne, bawaba, kioo na tundu la chaja. Mfanyakazi apewe nakala.

2. Iandikwe wazi kwamba uchakavu wa bawaba, betri na nyaya ni gharama ya mwajiri.

3. Mwajiri atoe mfuko wa kuzuia vumbi na mvua, mkanda wa kuivalia shingoni au mkononi, na kalamu ya kugusia.

4. Muda wa kuichaji na kupeleka hesabu baada ya zamu uhesabiwe kuwa ni muda wa kazi.

5. Kilo zinapoandikwa, kioo kigeuziwe mchumaji ajisomee kabla ya kuthibitishwa. Mashine hii imeundwa ili igeuke. Basi na imgeukie mfanyakazi pia.

KWA KUMALIZIA

Kompyuta ya mbili kwa moja haikuja kutudanganya, wala haikuja kutuokoa. Ni vyombo viwili vilivyoungwa, na kama kila kitu kilichoungwa, udhaifu wake mkubwa uko kwenye kiungo. Kwa mwenye kazi zote mbili ni msaada mkubwa. Kwa mwenye kazi moja ni bei ya ziada na bawaba ya kuvunjika.

Tunawaomba makatibu wa matawi wayasome maelezo haya katika mkutano ujao wa wanachama, kabla ya ombi lolote la kununua kompyuta kupigiwa kura. Na ewe mwenzetu ambaye kesho utakabidhiwa mashine ya kampuni, ifungue, ikunje, itazame kona zake zote mbele ya anayekukabidhi, na yaandikwe uliyoyaona. Sahihi yako itangulie kuwa na maana kabla haijatiwa.